Parliamentary Road, nyumba ya nyuma

Katika ukoo wa mume wangu jambo moja halikuwa na mjadala: sisi ni watu wa Uist. Nasema "sisi" kwa sababu nilipoolewa nami nilihesabiwa humo humo, mimi mtoto wa Ngamiani, Tanga. South Uist ni kisiwa kilichoko magharibi ya Scotland, kina upepo, Wakatoliki na lugha ya Kigaeli, na nilisimuliwa habari zake kabla hata sijaonyeshwa duka la nyama lilipo. Mjomba, kaka wa mama mkwe, alikuwa na kilti, ile sketi ya wanaume wa Scotland, yenye mistari ya Clanranald, ile jamaa ya Wamacdonald waliokimiliki kisiwa hicho zamani, na aliivaa kwenye kila harusi akitembea kama mwenye shamba.

Ushahidi wao ulikuwa bibi yao, Grace. Kiingereza chake kilikuwa cha Glasgow kama cha mtu mwingine yeyote, lakini akikaa jikoni kufuma sweta, vitanzi alivihesabu kwa Kigaeli. Mama mkwe ndiye aliyelelewa naye, na hesabu hiyo aliijua kwa sikio mpaka kumi bila kujua lugha yenyewe. Habari za utotoni Bibi Grace hakuzitoa. Akiulizwa alisema kulikuwa na baridi, basi.

Mwaka 2014, jiji letu la Glasgow likiwa limejaa mabango ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, mama mkwe alitimiza miaka 78 akasema anataka kwenda Uist kuiona nyumba aliyozaliwa bibi yake. Mume wangu alikuwa zamu za usiku hospitali, kwa hiyo kazi ya kutafuta anwani ikatuangukia mimi na mama mkwe. Sikulalamika. Kwetu mtu akikwambia nataka kujua wazee wangu, huambii subiri nipate nafasi.

Scotland ilianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo kwa lazima tarehe 1 Januari 1855, na sehemu kubwa ya vitabu hivyo unaweza kuisoma kwa kompyuta ukilipia kidogo. Tukatafuta vizazi vya South Uist vya miaka ya kuzunguka 1890. Hayupo. Tukabadilisha tahajia, tukaongeza miaka mbele na nyuma, tukajaribu visiwa vya jirani. Hayupo. Mama akasema makarani wa zamani walikuwa walevi.

Basi tukaanza upande wa pili, cheti cha ndoa cha Bibi Grace, ndoa iliyofungwa Glasgow mwaka 1912. Vyeti vya Scotland nimevipenda tangu siku ile. Havikutajii baba wa bibi harusi tu, vinakutajia na mama yake, tena kwa jina la ukoo aliozaliwa. Mama wa Grace aliitwa Annie. Jina la ukoo sitalitaja, wenyewe wapo. Tulipowaingiza wazazi wote wawili na kuiacha Uist kabisa, cheti cha kuzaliwa kikaja mara moja: mwaka 1891, Glasgow, Parliamentary Road. Na kwa kuwa cheti cha Scotland huandika hadi saa ya kuzaliwa, tukajua kwamba alizaliwa saa nane kasoro robo usiku. Baba mtu hakujua kuandika. Mahali pa saini palikuwa na alama ya msalaba, mstari mmoja mrefu kuliko mwenzake, na pembeni karani ameandika kwamba hiyo ndiyo alama yake.

"Wamekosea," Mama akasema. Akaenda kuweka maji ya chai.

Siku ya pili akavaa koti, akaniambia twende tukaione hiyo nyumba. Nikamwambia barabara yenyewe siioni kwenye simu. Akanitazama kama anayemsikitikia mgeni. "Huioni kwa sababu waliibomoa. Mimi nimeipita tangu nina miaka minne."

Parliamentary Road ilikuwa barabara ndefu ya madukani, iliyotoka karibu na mwisho wa juu wa Buchanan Street ikapanda mpaka Castle Street, ilipo hospitali ya Royal Infirmary. Pande zote mbili yalikuwa majengo ya mawe ya ghorofa tatu na nne, chini duka, juu wapangaji. Kutoka mtaani uliingia korido moja, ukapanda ngazi za mawe, na kila kituo cha ngazi kilikuwa na milango kadhaa. Nyuma uani palisimama jengo jingine la namna hiyo, lenye giza zaidi na kodi ndogo zaidi. Baada ya vita vya pili jiji lilitenga maeneo 29 ya kubomolewa na kujengwa upya. Townhead, mtaa iliyomo barabara hiyo, lilikuwa mojawapo, na ndani ya miaka ya 1960 na 1970 majengo yakaondoka, barabara ikafuata. Upande wa chini leo ni kituo cha mabasi cha Buchanan, ambapo mimi mwenyewe nilishukia nilipofika Glasgow mara ya kwanza na masanduku yangu. Upande wa juu ni maghorofa, njia za miguu na nyasi, halafu barabara kuu ya M8 inanguruma.

Maktaba ya Taifa ya Scotland imeziweka ramani za zamani mtandaoni, na unaweza kulaza ramani ya miaka ya 1890 juu ya picha ya leo. Tulitembea Townhead mimi nimeshika simu, Mama amenishika mkono wa kushoto, kidoti cha buluu kikitusogeza ndani ya vyumba vya watu waliokwisha kufa. Kidoti kilipofika kwenye namba ya cheti, tulikuwa tumesimama kwenye nyasi kati ya maghorofa mawili, karibu na kibao kinachokataza watoto kucheza mpira.

Mama hakutazama nyasi. Alikuwa anageuka huku na huku akipima. "Hapa palikuwa na duka la viatu," akasema, "na pale mtu wa samaki. Nilikuwa nakuja na bibi." Akanyamaza. "Alikuwa ananishika mkono tunapita hapa hapa. Mlangoni kwao. Na hakusema."

Kuna jengo la wapangaji la namna hiyo lililobaki, Blantyre, nje kidogo ya Glasgow, ambako familia 24 za wafanyakazi wa kiwanda cha pamba ziliishi. Limetunzwa kama makumbusho, na chumba kimoja cha futi 14 kwa 10 watu wanakwenda kukitazama, kwa sababu mwaka 1813 alizaliwa humo David Livingstone, huyu tuliyemkariri shuleni na Ujiji yake. Wangezaliwa humo akina Grace peke yao, hata hapo tungekuta nyasi.

Sasa swali likawa moja: mtoto aliyezaliwa Townhead alijifunzia wapi Kigaeli? Mama alijibu kwamba wazazi walikuwa watu wa Uist waliohamia mjini. Sensa ikamkatalia. Usiku wa tarehe 31 Machi 1901 karani wa sensa aliwakuta pale pale Parliamentary Road: Annie, mjane, dobi, amezaliwa Ireland, Grace miaka 9, mdogo wake James, kitinda mimba wa kike, na wapangaji wawili wanaume, wasio ndugu. Sensa za Scotland zina safu moja ambayo huku niliko mpaka leo sijaacha kuitolea macho: idadi ya vyumba vyenye dirisha moja au zaidi. Kwa kina Annie iliandikwa 1. Watu sita, chumba kimoja. Wala hawakuwa kioja. Dk. James Burn Russell, mganga mkuu wa afya wa jiji, alikwisha sema mwaka 1888 kwamba robo ya watu wa Glasgow wanaishi chumba kimoja kimoja.

Mama aliona aibu kuhusu wale wanaume wawili. Nikamweleza kwamba nimekulia nyumba ya vyumba sita, korido katikati, choo cha wote uani, na mama yangu alipofiwa alipangisha chumba akatulaza sote sebuleni, na hakuna aliyemfikiria vibaya. Mjane asiyepangisha atalipa nini kodi? Akafikiri, kisha akasema huenda mmoja alikuwa mzee sana.

Aliyetufungulia mlango alikuwa mama mmoja wa hifadhi ya nyaraka ya jiji, ndani ya maktaba ya Mitchell. Humo yamo maombi ya msaada wa maskini, zaidi ya milioni, kuanzia mwaka 1851. Mama akamtajia jina la Annie kwa ukoo wa mume. Yule mama akatikisa kichwa: mwanamke hapa hutafutwa kwa jina la babake, aolewe asiolewe. Mama mkwe alishangaa, kwa kuwa yeye mwenyewe alikwisha kuzikwa ndani ya jina la mume miaka 50. Mimi sikushangaa. Vyeti vyangu vyote vina jina la baba yangu, na mume wangu nilimkuta nikiwa nalo.

Faili likaja, kurasa chache za wino wa kahawia, na sijapata kusoma kitu kilichoandikwa kwa ubahili wenye faida kama ule. Sheria ya maskini ya Scotland ya mwaka 1845 ilimbana mwombaji na swali la makazi: parokia, yaani ofisi ya eneo iliyogawa msaada, haikutaka kumlisha mtu ambaye mzigo wake ungeweza kubebeshwa parokia nyingine, au Mwairishi ambaye angeweza kurudishwa kwao. Kwa hiyo mkaguzi aliuliza kila kitu. Umezaliwa wapi, wazazi ni nani, wako hai, umeolewa lini na wapi, nyumba hii umeingia lini, kabla yake ulikaa wapi, na kabla ya hapo. Halafu alikwenda mwenyewe kuhakikisha. Familia ilifanya kila juhudi kusahau. Ile ofisi, kwa kuogopa kutoa shilingi isiyo yake, iliandika yote.

Januari 1900. Annie, miaka 31, mzaliwa wa Tyrone, Ireland. Mume, kibarua wa kiwanda cha kemikali cha St Rollox, amekufa Desemba kwa kifua kikuu. Baba yake Annie amekufa. Mama yake, Grace, yuko hai Tyrone, hana kitu. (Kumbe mtoto wa kwanza wa kike alipewa jina la bibi mzaa mama. Hapo nilijisikia niko kwetu.) Nyumba: jengo la nyuma, ghorofa ya kwanza, chumba kimoja, safi. Mkaguzi alitia mstari chini ya wapangaji wawili. Uamuzi: hapewi fedha, anapewa karatasi ya kuingia nyumba ya maskini. Na chini yake, kwa mkono mwingine: hakuitumia karatasi.

Nyumba ya maskini ya jiji ilikuwa barabara hiyo hiyo ya Parliamentary, mwendo wa dakika chache. Ukiingia, wanaume kwao, wanawake kwao, watoto kwao. Annie alizijua kuta zake kwa kuzipita na kapu la nguo za watu. Alirudi kufua.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa mwaka 1902. Annie amekufa katika wodi ya nyumba ile ile aliyoikataa. Watoto watatu wamechukuliwa na parokia. Grace, 11. Wamepelekwa kulelewa: South Uist.

Yule mama wa nyaraka alitueleza taratibu, bila haraka. Glasgow ilikuwa haipendi kuwaweka yatima ndani ya majengo. Iliwatuma mashambani na visiwani kwa maelfu, kwa wakulima waliolipwa kwa kila mtoto, nguo na viatu vikitoka parokiani. Watoto wa Kikatoliki wengi walikwenda Uist na Barra. Walikwenda na Kiingereza chao wakakuta nyumba, ng'ombe na sala vyote ni kwa Kigaeli.

Mama aliuliza kama walikwenda nyumba moja. Kwenye daftari Grace na yule mdogo wa kike walikuwa na anwani moja. James alikuwa na anwani yake. Akaomba ainakili kwa mkono, ingawa picha ziliruhusiwa, na aliandika polepole kwa mwandiko wa shule, akisimama kufuta miwani.

Nilidhani safari ya Uist imekufa. Kwenye basi akaniambia anwani tumepata, si ndiyo? Tutakwenda kiangazi. Huyo mama wa shamba lile alimfundisha kufuma, yule wa Ireland hakuwa na nafasi. Na Tyrone tutakwenda baadaye, miguu ikikubali.

Ilibaki kumwambia mjomba. Alikuwa anajiandaa kumwoza binti yake na ameshaipeleka kilti kwa dobi. Mama akampigia, akaweka simu kwenye spika ili nimsaidie tarehe, akamsomea yote tangu saa nane kasoro robo mpaka James. Upande wa pili kimya kirefu.

"Kwa hiyo ni Waairishi," mjomba akasema.

"Wa nyumba ya nyuma," Mama akajibu.

"Na hii kilti nimeinunua bei gani unajua?"

Mama akamwambia aivae tu, maana katika ukoo wote ni Bibi Grace na wadogo zake peke yao waliowahi kuishi Uist kweli, na hakuna aliyewanunulia hata skafu. Mjomba akakata simu. Siku ya harusi alikuja nayo, soksi na kisu vyote vimo, na mtu asiyemjua alipomuuliza ni ya ukoo gani, alinigeukia mimi akasema niulizwe mimi, ndiye mwenye karatasi.