Siku Nne Dar es Salaam na Daftari la Shukrani

Mwaka jana kazi yangu ya kufundisha utunzaji wa hesabu katika vikundi vya kuweka na kukopa ilinifikisha katika mikoa tisa, na mara nyingi nilipitia Dar es Salaam bila kuuona mji wenyewe. Nilikuwa nikishuka usiku, nikilala gesti, na kuondoka alfajiri. Desemba ilipokaribia niliamua kuwa likizo yangu fupi ningeitumia huko huko, nikiwa mgeni asiye na kikao wala ripoti ya kuandika.

Kilichonitatiza kwanza hakikuwa fedha, bali wifi yangu wa Tabata. Nilipomweleza kuwa nimepata chumba Kariakoo alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Wifi, watu watasema nini wakisikia umelala gesti na mimi nipo?" Nilimwelewa, lakini nilijua pia kwamba nikifikia kwake moja kwa moja, siku zote nne zingeishia jikoni na katika kupokea wageni wengine wa sikukuu. Tukapatana kwamba siku mbili za mwanzo zitakuwa zangu, na kuanzia mkesha wa Krismasi nitakuwa wake, pamoja na kumkunia nazi zote. Namshauri yeyote mwenye ndugu mjini apatane nao mapema namna hii, kwani kufika kimyakimya halafu ukaonwa barabarani ni aibu isiyofutika upesi.

Tiketi ya treni ya umeme kutoka Dodoma niliikata wiki tatu kabla. Treni hiyo, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dodoma na Dar es Salaam mwaka 2024, huchukua takribani saa nne kwa safari ambayo basi huimaliza kwa karibu kutwa nzima, hivyo nilifika nikiwa na nguvu za kutembea. Siku hiyo nilivuka kwa pantoni kwenda Kigamboni na kurudi, bila shughuli yoyote ng'ambo, kwa ajili tu ya kuitazama bandari nikiwa majini. Kisiwa cha Mbudya nilikiacha, kwa kuwa upepo wa kaskazi ulikuwa umeanza kuvuma nami si mtu wa mashua ndogo.

Siku ya pili ndiyo iliyobadilisha likizo yangu. Nilikwenda Kijiji cha Makumbusho, kando ya Barabara ya Bagamoyo, mahali palipoanzishwa miaka ya 1960 ili kuhifadhi nyumba za asili za makabila mbalimbali ya Tanzania. Nilidhani ningemaliza kwa nusu saa. Lakini nilipoingia ndani ya msonge wa Wahaya, wenye nyasi zinazoshuka kutoka kileleni hadi karibu na ardhi, nilimkumbuka mama mmoja wa Muleba aliyenikaribisha Novemba mvua iliponikatia njia, akanilaza katika kitanda chake mwenyewe, na asubuhi akanifungia senene wa kula njiani. Mbele ya tembe la Wagogo nilikumbuka kwamba mimi mwenyewe ni mkazi wa Dodoma na sijawahi kumfanyia msafiri yeyote jambo la namna hiyo. Nilikaa chini ya mti, nikatoa daftari langu la safari, nikaanza kuandika majina ya walionisaidia mwaka mzima. Wengine sikuwahi kuyajua majina yao, kwa hiyo niliandika tu "kijana wa bodaboda Kigoma" au "muuza chai wa stendi Lindi". Walifika watu kumi na tisa, na nilikuwa na namba za simu za kumi na mmoja.

Jioni, nikiwa chumbani, nilianza kuwapigia. Kushukuru kwa simu ni kazi ngumu kuliko nilivyofikiri, kwa sababu mtu akipokea simu ya ghafla kutoka kwa aliyemsaidia zamani, hudhani anaombwa msaada mwingine. Baada ya simu ya pili nilijifunza kutanguliza maneno haya: "Sina shida yoyote, nimepiga kukushukuru." Mama wa Muleba alicheka sana, akauliza kama bado sijanenepa. Mmoja hakunikumbuka hata kidogo, na namba mbili hazikupatikana.

Wa mwisho alikuwa dereva wa basi la Songea. Mwezi wa Aprili homa ilinishika njiani, naye alisimamisha basi Makambako, akanisindikiza hadi duka la dawa huku abiria wakinung'unika, kisha akanihamishia kiti cha mbele. Nilipompigia alisema yuko Dar es Salaam, na kwamba tarehe 26 alfajiri angeondoka na abiria kutoka kituo cha Magufuli, Mbezi. Treni yangu ya kurudi ilikuwa baadaye siku hiyo hiyo, kwa hiyo nilimwambia anisubiri.

Wifi yangu, ambaye tangu mkesha alikuwa amenipa nazi za kutosha kulipia siku zangu mbili, alipoisikia habari hiyo aliamka saa tisa usiku, akapasha pilau, akaijaza kwenye hotpoti yake kubwa na kunikabidhi akisema nisithubutu kuondoka mjini bila kuirudisha. Nilimkuta dereva akikagua matairi. Alipokea hotpoti kwa mikono miwili, lakini kabla hajapata chombo cha kuhamishia pilau, msimamizi wa kituo alimwamuru aondoe gari. Hotpoti ikaenda Songea, na hadi leo wifi yangu ananidai.