Povu lililonyonya maji chini ya sakafu ya boti

Boti ya faiba ya futi 14 ikilalia tezi (upande wa nyuma) hata ikiwa tupu, toboa sakafu tundu la inchi 2 karibu na mkuku (uti wa chini wa boti), uchomoe kipande cha povu la kuelea lililojazwa humo ukikamue. Kikitoa maji, usihangaike kulianika, humo halikauki. Kata sakafu, ng'oa lote, kisha choma mataruma, mbao zinazobeba sakafu, kwa bisibisi: ikizama, mbao imeoza.

Laza bomba la PVC mkukuni ili maji yapite. Changanya vimiminika viwili vya povu jipya, A na B, sawa kwa sawa, umimine kidogo kidogo. Ukimwaga yote kwa mkupuo, joto huliunguza katikati na msukumo huvimbisha sakafu. Povu la kopo la kuzibia milango? Hapana, litanyonya maji tena. Mita moja ya ujazo ya povu lenye uzito wa kilo 32 huelea na mzigo wa kilo 960 hivi.