Siku moja maishani mwangu: nafundisha IELTS, Mombasa

Saa kumi na moja alfajiri nasahihisha insha chache kabla watoto hawajaamka. Saa moja na nusu niko Mwembe Tayari, nimeshafungua chumba changu juu ya duka la simu, nimepiga deki na kujaribu spika.

Watu wakisikia nafundisha IELTS, mtihani wa kupima Kiingereza kwa wanaotaka kusoma au kufanya kazi nje, hudhani nafundisha Kiingereza watu wasiokijua. Wengi wa wanafunzi wangu ni wauguzi. Ripoti za wodi, mafaili, vipimo, vyote wanaviandika kwa Kiingereza mwaka mzima. Kinachowakwamisha ni mtihani wenyewe na saa yake.

Saa mbili na nusu wanaingia waliotoka zamu ya usiku, macho mekundu. Kusikiliza, maswali 40, rekodi inapigwa mara moja tu. Kisha kusoma, makala tatu kwa dakika 60.

Saa nne akaja mzee mmoja, bintiye ni muuguzi na ameahidiwa kazi Uingereza.

"Mwalimu, nipe uhakika. Wiki mbili, apate saba."

"Mzee wangu, uhakika sina. Nikikupa nitakuwa nakudanganya."

"Huyu kasoma Kiingereza tangu chekechea!"

Nikamweleza kwamba NMC, baraza linalosajili wauguzi kule, linataka alama 7 kati ya 9 kwenye kusikiliza, kusoma na kuongea, na 6.5 kwenye kuandika. Bintiye amepata 6 kwenye kuandika. "Kumbe ni nusu tu!" akasema. Nusu hiyo ndiyo kazi yangu yote. Akampigia mkewe, akampigia binti, akarudi kwenye bei. Darasa zima linasubiri. Mwisho akapunguza sauti: kuna kijana anauza karatasi ya mtihani mapema. Hapo nilisimama. Nikamwambia huyo ni mwizi, na hata cheti cha bandia hakifiki mbali, kwa sababu anayepokea matokeo huyakagua mtandaoni. Pesa itapotea na jina la binti litachafuka. Alinyamaza, kisha akaanza upya: "Basi wiki tatu?" Adhuhuri iliadhiniwa tukiwa bado hapo. Nilichoka kuliko kufundisha, lakini mzazi kama huyu simfukuzi. Ada ya mtihani ule huchangwa na ukoo mzima.

Mchana tukafanya kuongea. Unapewa kadi yenye mada, dakika moja ya kujipanga, halafu uzungumze hadi dakika mbili. Wengi huishiwa mapema, na siwalaumu. Tumelelewa kumjibu mkubwa kwa ufupi na adabu, na mtahini ni mkubwa. Tunarudia mpaka sauti zinakauka, yangu ikiwa ya kwanza.

Jioni, kuandika. Dada mmoja wa wodi ya watoto aliniletea maelezo ya grafu ya matumizi ya maji. Namba zote zilikuwemo, mwaka kwa mwaka, na hakuna hata moja iliyokosewa. Lakini hapakuwa na sentensi moja inayosema kwa jumla grafu inaonyesha nini, na bila hiyo alama hazipandi. Nikamuuliza kwa nini aliandika zote. "Mwalimu, wodini ukiruka namba mtoto anaweza kufa." Sikuwa na la kumjibu haraka. Ustadi unaomfanya muuguzi mzuri ndio unaomshusha hapa, na hakuna aliyewahi kumwambia. Tukakaa na kalamu nyekundu, tukikata namba moja moja, kila moja akiisikitikia. Sijui ilikuwa saa ngapi tulipomaliza. Matatu za kwetu zilikuwa zimeanza kupungua.

Nikiwa nyumbani, sahani mkononi, akanitumia picha ya alichoandika upya. Sentensi ya pili inasema matumizi yalipanda kila mahali na kilimo kikabaki juu. Namba zimebaki tano. Nikamjibu hapo sasa, alale, kesho tunaingia insha ya maneno 250. Hiyo ndiyo yenye uzito mara mbili ya ile ya grafu, na ndiyo inayomsubiri binti wa yule mzee pia.