Siku moja maishani mwangu: mtawa wa Kibuddha katika msitu wa Isan

Saa 9:00 usiku. Kengele inalia. Katika monasteri za msituni huku kaskazini-mashariki mwa Thailand, kila mtawa ana kibanda chake, kwa hiyo safari ya kwanza ya siku ni ya gizani, tochi mkononi kwa ajili ya nyoka.

Saa 9:30. Ukumbini tunasujudu mara tatu: magoti, mikono na paji la uso vyote viguse sakafu. Mara ya kwanza ni kwa Buddha, ya pili kwa Dhamma, yaani mafundisho yake, ya tatu kwa Sangha, jumuiya ya wafuasi. Anayekimbilia hayo matatu ndiye Mbuddha. Mgeni akituona hudhani tunamwomba mungu. La. Buddha, yaani Siddhartha Gautama, alikuwa binadamu: alizaliwa Lumbini, akapata mwamko Bodh Gaya, akafariki Kushinagar akiwa na miaka 80. Tunamheshimu kwa kuonyesha njia. (Wapo waumini wengi wanaomwomba mvua na watoto, na hakuna anayewafukuza.) Baada ya kughani kwa Kipali, lugha ya maandiko yetu, tunakaa kimya hadi karibu na mapambazuko.

Saa 12:00 asubuhi. Hatutoki na mabakuli mpaka mistari ya kiganja ionekane bila taa. Sababu ni kwamba siku ya mtawa huanza alfajiri: chakula ulichopokea kabla ya hapo kinahesabiwa ni cha jana, na cha jana hakiliwi. Tunaingia kijijini miguu mitupu, vazi limefunika mabega yote mawili, kwa mstari unaofuata tarehe ya kutawazwa. Mzee wa miaka 60 aliyetawazwa juzi yuko nyuma ya kijana.

Hatubishi hodi wala hatuombi. Mwenye kutaka kutoa hupiga magoti na kutia tonge la wali wa kunata. Hatusemi asante, na hilo huwashangaza wengi. Lakini kutoa ni zoezi la mtoaji la kulegeza tamaa, na thawabu ni yake. Kosa la wageni ni kutia noti bakulini. Kanuni inamkataza mtawa kupokea fedha, kwa hiyo ukarimu huo unamtia hatiani. Mwachie mlei anayesimamia matumizi.

Saa 2:00. Mlo wa siku ni mmoja, vyote ndani ya bakuli moja, vitamu na vichachu pamoja. Chakula lazima kikabidhiwe kwa mkono, mtoaji akiwa karibu kiasi cha kufikiana. Matunda yenye mbegu zinazoota, mlei huyatoboa au kuyakata kwanza, maana mtawa haharibu kinachoweza kuota. Nyama inaruhusiwa, mradi mtawa hakuona, hakusikia wala hashuku kwamba mnyama alichinjwa kwa ajili yake. Watawa wa China, wa mapokeo ya Mahayana, ndio wasiokula nyama kabisa. Jua likishapita utosini hakuna kula tena. Ni jua linaloamua, si saa ya ukutani.

Kinachobaki hugawiwa walei. Hakuna ghala. Kwa maoni yangu kanuni hii inafundisha kuliko hotuba nyingi: mtawa asiyeweka akiba hawezi kujitenga na kijiji, na kila asubuhi anakumbushwa kwamba hakuna kinachodumu.

Bakuli la chuma huoshwa na kukaushwa papo hapo. Likiachwa na maji, linashika kutu.

Saa 4:00 hadi saa 9:00 alasiri. Kutafakari kwa kutembea, njia ya hatua 25 hivi, kwenda na kurudi. Kisha kukaa na kufuata pumzi.

Saa 9:00 alasiri. Kufagia majani na kuchota maji. Kufyeka na kuchimba hatuwezi, maana mtawa hakati mmea hai wala hafukui ardhi. Kazi hiyo hufanywa na walei.

Saa 1:00 usiku. Kughani tena, kisha mafundisho. Walei hupokea miiko mitano: kutoua, kutoiba, kutozini, kutosema uongo, kutokunywa vileo. Anayeanza hupewa kweli nne: maisha yana mateso, mateso hutokana na tamaa, yanaweza kukoma, na njia ya kuyakomesha ina sehemu nane, kuanzia mtazamo sahihi hadi utulivu sahihi wa akili.

Adui wa saa hizi ni usingizi. Buddha alimpa mwanafunzi wake Moggallana dawa kwa mpangilio: acha wazo lililoleta uzito, tafakari mafundisho uliyosikia, yaghani, vuta masikio na usugue mikono na miguu, nawa macho utazame nyota, wazia mwanga, tembea. Wengi hurukia ya mwisho kabisa, ambayo nayo ipo: lala ubavu wa kulia, mguu juu ya mguu, ukiwa umeshaamua saa ya kuamka.