Siku mbili ghorofani, nusu saa chini

Basi lilituteremsha Mokowe saa nane mchana, vumbi la njia ya Witu likiwa bado limetuganda viatuni. Tukavuka kwa boti hadi Lamu, na pale gatini kijana wa kanzu nyeupe akatupokea kwa majina yasiyo yetu. Mchezo ulikuwa umeshaanza. Mimi na mume wangu tulikuwa tumelipa shilingi 76,000 ili tuishi siku mbili kama wangwana wa karne ya 18, ndani ya nyumba ya mawe iliyogeuzwa hoteli. Kwa watu wanaolipa karo ya watoto watatu Mombasa, hizo ni pesa za kukaa chini na kuzifikiria.

Simu tuliziacha kwenye kikapu pale dakani, kwenye kibaraza cha mlangoni. Mume wangu akavishwa joho, akaambiwa yeye ni tajiri anayengoja jahazi lake litoke Arabuni. Mimi nilibandikwa kikuba cha asumini, na tangu hapo kila mtu akaniita Mwana, yaani bibi mwenye nyumba. Tukapanda ngazi.

Nyumba ile sitaisahau. Vyumba ni virefu na vyembamba, kwa kuwa dari hulaliwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba. Kuta za matumbawe ni nene hata jua la saa tisa halipenyi. Kwenye ndani, chumba cha mwisho kabisa, ukuta mzima ni zidaka, yaani vishubaka vya kuwekea vyombo, safu juu ya safu. Nilisogeza taa nikaona jinsi fundi alivyokata nakshi kwenye chokaa, na ukingoni mwa kidaka kimoja, upande usioonekana ukisimama, pana alama ya kidole gumba. Nikaweka changu juu yake. Kilikuwa kikubwa kuliko changu.

Usiku huo nililala vizuri kuliko nilivyolala mwaka mzima. Alfajiri adhana zilianza msikiti mmoja, zikadakwa na mwingine, halafu punda akalia chini ya dirisha.

Kwa anayetaka kuona tu, si lazima alipe hivyo. Kesho yake tulitoka kidogo, tukaenda kwenye nyumba ya Kiswahili inayotunzwa na Makumbusho ya Taifa, katikati ya mji. Kiingilio chake hakifikii hata bei ya chakula chetu cha usiku mmoja, na zidaka, vitanda na viti vya enzi vyote vimo. Lakini huwezi kulala mle, na ni kwa kulala ndipo unapoelewa kwa nini nyumba hizi zilijengwa hivi. Tena chokaa isipofanywa upya mvua huingia, boriti zikaoza. Mji Mkongwe wa Lamu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, lakini orodha haipaki ukuta chokaa. Sehemu ya pesa zangu ikienda huko, siinung'unikii.

Kilichonikaa vibaya ni maigizo. Disney walijaribu jambo la namna hii Florida: hoteli iliyoigiza chombo cha angani, siku mbili kwa watu wawili karibu dola 4,800. Ilifunguliwa Machi 2022, ikafungwa Septemba 2023. Kule kila kitu kilikuwa cha kubuni, kwa hiyo mgeni alikuwa akinunua waigizaji. Lamu nyumba ni ya kweli, na walioishi humo walikuwa watu wa kweli.

Usiku wa pili, msichana aliyekuwa akituhudumia alipanda na birika na beseni kutunawisha kabla ya wali wa nazi na samaki wa kupaka. Alikuja peku, macho chini, kama alivyoelekezwa. Moyo ukaniuma. Nikamuuliza, "Mwanangu, zamani waliokuwa wakipandisha maji haya walikuwa nani?"

Akatazama mlangoni. "Mama, nikujibu kama nilivyofundishwa, au kama bibi yangu alivyoniambia?"

Tulishuka naye baada ya kula. Chumba cha chini kina mlango mfupi, hakina kidaka hata kimoja, na leo kimejaa mashuka na mitungi ya gesi. Watumwa wa nyumba walilala huku, akasema, pamoja na magunia ya nafaka. Bibi wa bibi yake alizaliwa kwenye chumba kama kile. Pwani yetu utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1907 tu. Tulikaa nusu saa, yeye juu ya mtungi, mimi juu ya furushi la mashuka, akinisimulia kwa sauti yake mwenyewe, na hakuniita Mwana tena.

Asubuhi nilimwambia meneja kwamba nusu saa ile ningeilipia kabla ya joho na kikuba. Akasema wageni huja kustarehe. Nikamjibu kwamba mimi pia ni mgeni wake, na msichana wake anakijua kisa cha nyumba hii kuliko karatasi aliyompa akariri.

Basi lilipofika Witu mume wangu akaniuliza kama nitarudi. Nikamwambia nitarudi, usiku mmoja, ila nitapiga simu kwanza niulize kama kile chumba cha chini kimeshafunguliwa.