Nilivyojifunza kutazama nyuma: misimu yangu miwili ya kwanza ya hoki ya barafuni

Nilitia saini mkataba wangu wa kwanza wa kulipwa nikiwa na miaka 21, na wiki tatu baadaye nilikuwa nimeshushwa daraja. Nayaandika haya kwa ajili ya vijana wetu wanaokulia katika miji ya baridi, ambao wazazi wao, kama wangu, hawakuwahi kuuona mchezo huu kabla ya kuhama, na kwa sababu hiyo hawana mtu nyumbani wa kuwaeleza ngazi zake zinapandwaje.

Wazazi wangu ni watu wa Tanga. Tulihamia Edmonton, Kanada, nikiwa na miaka mitano, nami nikaanza kuteleza kwenye uwanja wa wazi wa barafu mtaani kwetu, nikiwa nimevaa viatu vya mtoto wa jirani. Nilipofikisha miaka 17 nilichukuliwa na timu ya WHL, mojawapo ya ligi tatu kubwa za vijana nchini Kanada, ambako mchezaji huishi na familia ya wenyeji wa mji huku akisoma na kucheza. Mwaka uliofuata tuliketi sebuleni siku mbili kufuatilia uchaguzi wa vijana wa NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini. Timu 32 huchagua kwa raundi saba, yaani majina yapatayo 224, na jina langu halikuwamo. Mama alizima televisheni, akasema, “Mwanangu, njoo ule,” na hatukulizungumzia tena usiku ule.

Nilibaki katika ligi ya vijana hadi nikafikia miaka 20. Umri huo ni mgumu kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa kila timu inaruhusiwa kuwa na wachezaji watatu tu wa miaka 20. Nilishika nafasi yangu kwa kuwa beki anayefunga mabao: nilipenda kuondoka na paki, kile kisahani kinachochezewa, kutoka upande wetu na kupanda nayo mbele, na makocha wa vijana waliniachia. Sifa hiyo ndiyo iliyonipatia mkataba wa mwaka mmoja na timu ya AHL, ligi iliyo chini kidogo tu ya NHL, na sifa hiyo hiyo ndiyo iliyoniangusha.

AHL ni shule ya kweli. Kanuni zake zinataka angalau 13 kati ya wachezaji 18 wa mbele na wa nyuma wanaopangwa kwenye mechi wawe ambao bado hawajacheza mechi nyingi za kulipwa. Nilipoisoma kanuni hiyo nilifarijika, nikaamini kwamba nimetengewa nafasi. Nilichosahau ni kwamba kila mwaka huja kundi jipya la vijana, na wengi wao wamekwisha kuchaguliwa na timu za NHL ambazo zingependa kuona fedha zao zinazaa. Mwezi wa Oktoba kocha aliniita ofisini. Alikuwa mpole. Aliniambia kwamba nikiwa na paki na nafasi ninacheza vizuri, lakini katika ngazi ile hakuna atakayenipa nafasi, kisha akaniambia nifungashe vitu vyangu niende kwenye timu yetu ya ECHL, ngazi moja chini.

ECHL nayo ina mechi 72 kwa msimu, na nyingi zimebanwa mwishoni mwa wiki: Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, huku usiku baina yake ukipita ndani ya basi. Malipo ni ya kila wiki, na timu ndiyo inayokupa nyumba ya kukaa. Sikuona tatizo katika maisha hayo. Tatizo langu lilikuwa ndani ya uwanja.

Naomba nilieleze kwa undani, kwa sababu hapa ndipo penye kiini cha habari yangu. Paki ni kisahani cha mpira mgumu chenye uzito wa gramu 170 hivi, ambacho hugandishwa kabla ya mechi ili kisidundedunde. Wapinzani wakishindwa kupita katikati, huisukuma ikaenda kugonga ukuta ulio nyuma ya goli lako, kisha wanaikimbilia. Beki analazimika kugeuka na kuifuata akiwa amewapa mgongo watu wawili wanaomjia kwa kasi yao yote. Mimi nilikuwa na tabia ya kuikodolea macho paki mpaka niifikie, ndipo nianze kutafuta wa kumpa. Kwa vijana muda huo ulikuwepo. Katika mechi moja ya Novemba niliifikia paki ikiwa imekwama ukutani, nikainua kichwa, na kitu cha mwisho nilichokiona ni jezi nyeupe. Bega la kushoto liliteguka, nikakaa nje wiki nne.

Wiki zile nne ndizo zilizonitengeneza. Kocha msaidizi, mzee aliyewahi kucheza beki kwa miaka mingi, alinichukua asubuhi kabla wenzangu hawajafika. Kwa kuwa nilikuwa bado siwezi kupiga, alinitaka niteleze tu. Aliiviringisha paki hadi kwenye kona, akasimama nyuma yangu na kunyoosha vidole, nami kabla sijaigusa nilitakiwa kugeuza shingo na kutaja kwa sauti idadi yake. Mara ya kwanza kulia, mara ya pili kushoto. Nikikosea, tunarudia. Mwanzoni kila nilipogeuza shingo miguu yangu ilipunguza mwendo bila mimi kujua, na ilinichukua siku kadhaa kuweza kutazama nyuma huku magoti yakiendelea kusukuma. Nilipopona alinipa kazi moja tu: nisahau mabao, nihakikishe paki inatoka kwetu salama kwa pasi ya kwanza.

Nikanunua daftari. Baada ya kila mechi nilikaa na video nikahesabu paki nilizozifuata nyuma, ngapi nilitazama kabla ya kuzigusa, na ngapi zilitoka salama. Mechi ya kwanza niliyoiandika ilikuwa na paki 19, na nilitazama saba tu. Niliumia kuiona namba hiyo, maana uwanjani nilikuwa na hakika kwamba nimetazama kila mara.

Katika kipindi hicho nilikuwa nikimfikiria sana Willie O'Ree, mtu mweusi wa kwanza kucheza NHL, aliyeingia uwanjani na Boston Bruins tarehe 18 Januari 1958. Alikuwa haoni kwa jicho la kulia, jambo alilolificha, na kwa kuwa alicheza winga ya kushoto ilimbidi ageuze kichwa chote kuitafuta paki. Baada ya mechi mbili alirudishwa ligi za chini, na hakurudi NHL hadi msimu wa 1960–61, alipocheza mechi 43. Nilijiambia kwamba ikiwa yeye aliweza kugeuza shingo na kucheza kwa jicho moja, mimi mwenye macho mawili sina udhuru.

Msimu wa pili nilianzia tena ECHL, safari hii bila kinyongo. Kufikia Januari daftari lilikuwa likionyesha mechi nyingi ambazo sikukosa kutazama hata mara moja, na mwezi wa Februari simu ikaja asubuhi: beki wawili wa timu ya juu wameumia, niondoke sasa hivi. Usiku huo huo nilipangwa. Katika zamu yangu ya pili ya kuingia uwanjani paki ilitupwa kwenye kona ya kulia. Nikatazama kulia, nikamwona mmoja; nikatazama kushoto, hapana mtu; nikaipitisha nyuma ya goli kwa beki mwenzangu kabla mpinzani hajanifikia. Uwanjani hakuna aliyepiga makofi. Nilirudi kuketi kwenye benchi, na kocha akaniita tena baada ya zamu mbili.

Nilicheza dakika 12. Paki 14, nilitazama 14, zilitoka 11. Nilipomaliza kuandika ilikuwa saa tano na nusu usiku upande wa mashariki wa Marekani, na Tanga saa moja na nusu asubuhi, nikampigia bibi. Baada ya shikamoo aliniuliza kama tumeshinda. Nikamwambia, “Hapana bibi, tumefungwa mawili kwa moja, lakini jina langu limo kwenye orodha ya kesho.”