Boila letu lilivyoacha makaa ya mawe

Kwa miaka 14 nimelisha boila, tanuri la kuchemsha maji yawe mvuke, la kiwanda kimoja cha nguo hapa Eneo la Viwanda, Nairobi. Makaa ya mawe yalikuja kwa lori kutoka Mombasa, na masizi yake nikawa narudi nayo nyumbani kila jioni.

Mwenye kiwanda aliponiuliza, "Fundi, tunaweza kuyaacha haya?" nilimweleza habari za Réunion, kisiwa cha Ufaransa kwenye Bahari ya Hindi. Kituo cha umeme cha Bois-Rouge kisiwani humo kilianza mwaka 1992, kikichoma makapi ya miwa wakati wa mavuno na makaa ya mawe miezi mingine. Mwaka 2023 makaa yakaondolewa, zikaingia punje za mbao iliyosagwa na kushindiliwa, zinazoletwa kwa meli. Kituo ni kile kile. Kilifanyiwa marekebisho tu. "Mzee," nikamwambia, "wale wana watu wa kisiwa kizima wanaosubiri stima. Sisi tuna boila moja."

Tukaanza na briketi, yaani vipande vilivyoshindiliwa, za vumbi la mbao lililochanganywa na maganda ya kahawa ya Thika. Wiki ya kwanza ilinitesa. Moshi mweusi, na geji ya nguvu ya mvuke imekwama kwenye baa 4 (baa ni kipimo cha shinikizo) badala ya 7. Nilidhani briketi ni mbovu, kumbe hewa ndiyo ilikosewa. Makaa ya mawe huungua zaidi pale chini yalipolala, lakini mbao, karibu robo tatu ya uzito wake hugeuka gesi na kuwaka juu. Hewa yangu yote ilikuwa inapita chini! Tulitoboa matundu ukutani juu ya moto, tukafunga feni ndogo, na siku hiyo hiyo moshi ukapungua, baa zikapanda.

Kisha majivu. Maganda ya kahawa yana potasiamu nyingi, na majivu yake huyeyuka mapema, yakaganda kama kioo juu ya vyuma vinavyobeba moto. Nimeyavunja kwa mtaimbo usiku, jasho likinitoka. Tukapunguza maganda, tukaongeza vumbi la mbao, yakaacha kuganda.

Ghala nililidharau, na hilo linaniuma hadi leo. Makaa ya mawe yalikaa nje hata kwenye mvua. Briketi zikilowa zinarudi kuwa vumbi, na mvua ya Aprili ilitumalizia nusu ya rundo. Tena zinataka nafasi zaidi: kwa joto lile lile, palipotosha kuchoma tani 3 za makaa, sasa tunahitaji zaidi ya tani 4 za briketi. Tulijenga paa, tukainua sakafu kwa mbao.

Kinachonikosesha usingizi sasa ni kupata vumbi la mbao lenyewe. Wafugaji wa kuku wa Kiambu nao wanalitafuta kwa matandiko, na kila msimu bei inapanda. Wiki iliyopita nimeagiza mzigo wa miezi miwili, uingie ghalani kabla ya vuli.